Tokeni ya Soo Inapita Milango Mingapi?

Leo sina stori ya siasa wala ya Arsenal. Leo ni tokeni. Ile meseji ya tarakimu 20 unayoingoja saa mbili usiku, stima imeisha, ugali iko nusu kwa koili, na simu imebaki asilimia 6.

Naandika nikiwa Shieywe, hapa Kakamega, na mtaani kwetu watu wengi hununua stima ya soo. Wengine ya hamsini. Ukiangalia haraka ni kitu rahisi: unaingia M-Pesa, paybill 888880, namba ya mita, pesa, PIN, unangoja. Sasa hesabu na mimi. Simu yako inaongea na mnara. Mnara unaongea na mitambo ya Safaricom. M-Pesa inaangalia kama uko na pesa, inakutoa, inaweka kwa akaunti ya Kenya Power, halafu inaambia mfumo wa Kenya Power kwamba mita fulani imelipiwa. Mfumo wa Kenya Power unakata ushuru na tozo, unapiga hesabu ya yuniti, unachukua ufunguo wa siri wa mita yako na kupika zile namba 20. Namba zinarudi kwa mtandao kama meseji. Kisha wewe, na vidole vyako, unazibonyeza kwa mita ukutani.

Watu wa programu wana jina la mpangilio wa aina hii: maikroservisi. Yaani badala ya kuandika programu moja kubwa inayofanya kila kitu, unaikata vipande vidogo, kila kipande na kazi yake, na vipande vinatumiana ujumbe kwa mtandao. Najua kuna mjuaji atakuja kuniambia Safaricom na Kenya Power ni kampuni mbili, kwa hivyo hiyo si maikroservisi kamili. Sawa, umeshinda. Lakini ugonjwa ni ule ule: kipande kimoja kikikohoa, ni nani mwingine anapata homa? Niliacha chuo mwaka wa pili nikisoma kompyuta, na kati ya yote niliyofunzwa, hilo ndilo swali nililoondoka nalo. Na historia ya nchi yetu kwa miaka kama 20 hivi ni darasa zuri la hilo swali kushinda kitabu chochote.

Tuanze na M-Pesa, kwa sababu ndiyo nguzo yenyewe. Watoto wa juzi tunafikiria ilizaliwa kubwa. Wapi. Mwaka wa 2005 ilikuwa jaribio dogo la Vodafone na Safaricom, na pesa za serikali ya Uingereza zikiwa ndani. Walifanya na shirika la mikopo midogo la Faulu Kenya, ili watu waliokopa waweze kulipa deni kwa simu. Kulipa mkopo, basi. Wale watu wa majaribio wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na wenye mradi wakaona hapo ndipo penye soko. Ikazinduliwa rasmi Machi 2007. Na seva zake hazikuwa Kenya. Zilikuwa Ujerumani. Kwa miaka minane, mtu akitoka hapa Lurambi kumtumia mamake mia tano huko Malava, hesabu ya hiyo pesa ilikuwa inafanywa Ulaya halafu inarudi. Ilikuwa Aprili 2015 ndipo mitambo ililetwa nyumbani.

Wakati huo wote watu walikuwa wanazidi kuning'iniza vitu kwa hiyo nguzo. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, benki nzima imekaa juu ya M-Pesa. 2017 Safaricom wakafungua Daraja, ule mlango ambao mtu yeyote mwenye apu anaweza kuitumia kuomba malipo. Kutoka hapo kila kijana aliyekuwa na laptopu akawa na apu ya malipo. Chakula, nguo, tiketi za mechi, sadaka. Fuliza ikafuata 2019. Hakuna siku tulikaa chini kama nchi tukaamua kwamba kila kitu kitapita mlango mmoja. Ilitokea venye barabara ya panya hutokea: mtu mmoja alipita, wa pili akafuata, siku moja ukaangalia ukapata matatu zinapita hapo.

Halafu 24 Aprili 2017, siku ya Jumatatu, mtandao wa Safaricom ukaanguka nchi nzima kwa masaa kadhaa. Simu, data na M-Pesa zote zikazima. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka watu wakubwa wamesimama nje ya maduka wakiangalia simu venye mtu huangalia mgonjwa. Ndio siku wengi waligundua kwamba duka, matatu, hospitali na kinyozi, wote walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja, na ni mguu wa mtu mwingine.

Huko Marekani kuna kampuni ilikuwa imeshapitia hayo. Netflix, wakati ule bado wakituma DVD kwa posta, Agosti 2008 databesi yao iliharibika na kwa siku tatu hawakuweza kutuma filamu. Wakaamua kukata mfumo wao vipande vipande na kuuhamishia kwa seva za kukodi, kazi iliyowamaliza hadi Januari 2016. Na walipokata wakagundua kitu ambacho hakiko kwa matangazo: ukikata programu moja vipande mia, hujapunguza shida. Zamani kipande A kilimwita kipande B ndani ya mashine moja na jibu lilikuja papo hapo. Sasa kati yao kuna mtandao, na mtandao unaweza kuchelewa, kupoteza ujumbe, au kuuleta mara mbili. Shida imehama kutoka ndani ya vipande ikaenda kukaa kwa viungo.

Kwa hivyo wakaunda dawa za viungo. Dawa moja unaijua, iko ukutani kwenu: breka. Waya ukipata moto, breka inaruka kabla nyumba ishike. Mhandisi mmoja kwa jina Michael Nygard aliandika mwaka wa 2007, mwaka ule ule wa M-Pesa, kwamba programu pia zinahitaji breka. Kama huduma unayoiita haijibu, usikae hapo ukiita na kuita hadi wewe pia ukwame na wanaokungoja wakwame. Ruka. Mwambie mteja ukweli haraka, "hii haipatikani saa hii", uendelee na kazi nyingine, kisha ujaribu tena baadaye kidogo kidogo. Netflix pia wakaunda programu ya kuzima seva zao wenyewe ovyo ovyo mchana watu wakiwa kazini, ili waone ni nani ataanguka. Wakaiita tumbili wa vurugu. Sisi wa Kakamega tuko na msitu mzima wa tumbili, hatuhitaji kueleweshwa. Ukiacha mahindi bila mlinzi, tumbili atakuonyesha ua wako umevunjika wapi.

Dawa ya pili ni ya daftari. Kuna apu moja ya kuagiza vitu, jina naliacha, niliwahi kulipa pale, skrini ikazunguka na kuzunguka, ikaniambia nijaribu tena. Nikajaribu. Nikakatwa mara mbili. Sasa hapo mtu husema "mtandao ulisumbua". Mtandao husumbua kila siku, hiyo ndiyo kazi yake. Ukitumia Daraja, jibu halirudi hapo hapo. Ombi linaenda, mteja anaweka PIN, kisha M-Pesa inatuma jibu baadaye kwa anwani uliyoiacha. Jibu likipotea, kuna njia ya kuuliza, "ule muamala uliishia wapi?" Kila muamala uko na namba yake. Mama mboga wa kwetu akikuandika kwa daftari kwamba umechukua sukuma ya ishirini, na umtume mtoto aje kuuliza mara tatu, bado deni ni ishirini, kwa sababu anaangalia daftari kabla ya kuandika. Apu nzuri hufanya hivyo: inauliza kwanza kabla ya kumwambia mteja alipe tena. Mbaya inahesabu kila kilio kama agizo jipya.

Sasa twende 2023, kwa sababu huo mwaka ulitupea mitihani miwili ndani ya mwezi mmoja.

Tarehe 30 Juni 2023 Rais Ruto alizindua huduma za serikali zaidi ya 5,000 kwa eCitizen. Pasipoti, leseni, vyeti, yote mlango mmoja, na malipo yakielekezwa paybill moja, 222222. Sababu ilikuwa na maana, sikatai. Pesa za serikali zilikuwa zinaingia kwa mifuko mingi sana, na mingine haikuwa na sehemu ya chini. Lakini mlango mmoja ni mlango mmoja. Hata mwezi haujaisha, tarehe 27 Julai, watu waliojiita Anonymous Sudan wakaushambulia. Na hawakuvunja kitu. Walichofanya ni kutuma maombi ya uongo mengi hadi mlango ukajaa na wenye shida za kweli wakakosa pa kupita. Waziri wa teknolojia wa wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha shambulio na kusema hakuna data iliyopotea. Inaweza kuwa kweli. Lakini wageni waliokuwa wanahitaji viza ya mtandaoni ilibidi wapewe wakifika uwanjani. Tiketi za treni ya SGR zikasumbua. M-Pesa ikayumba. Na kununua tokeni za stima kukawa shida.

Ngoja hapo kwa tokeni. Mtu anatuma maombi ya uongo kwa mtandao, na nyumba Shieywe inalala giza. Hakuna mtu aligusa waya. Mabwawa ya Seven Forks yalikuwa yanazunguka, transfoma iko sawa, stima iko hapo ukutani inakungoja. Kilichokosekana ni namba 20.

Mtihani wa pili ulikuja Ijumaa usiku, 25 Agosti 2023. Stima ikapotea karibu nchi nzima kwa masaa mengi. Hapo JKIA, uwanja mkubwa kuliko yote nchini, jenereta ya dharura ikakataa kuwaka na abiria wakakaa kwa giza. Waziri Kipchumba Murkomen akaomba msamaha, na mkubwa wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa. Ile jenereta ilikuwepo kwa karatasi. Kwa lugha ya programu, hiyo ni njia ya pili ambayo hakuna aliyeipima siku ya kawaida. Tumbili hakuwa amewahi kutembelea JKIA.

Na sasa weka hizo siku mbili pamoja uone kile kinaninyima usingizi. Kenya Power inahitaji mtandao wa simu ili ikuuzie stima. Minara ya simu inahitaji stima ili isimame. Iko na betri na jenereta, ndiyo, lakini betri ni ya masaa. A anangoja B, B anangoja A. Facebook walikutana na hii kitu 4 Oktoba 2021, siku WhatsApp ilipotea duniani kwa masaa kama sita: vyombo vya kurekebisha mtandao wao vilikuwa vinatumia mtandao ule ule uliokufa. Ni kama kufungia funguo ndani ya nyumba, na fundi wa kufuli pia ako ndani.

Lakini katika mnyororo wote huu kuna kipande kimoja ambacho hakikuyumba siku yoyote, na ndicho watu hukidharau zaidi. Ile mita.

Mita ya tokeni haipigi simu kwa mtu. Haina laini wala data. Mfumo wake unaitwa STS, na ulianzia Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya umeme ya Eskom ilipokuwa inapeleka stima kwa mitaa ambayo haikuwahi kuwa nayo. Wahandisi walijua huko hakuna mtandao wa kutegemea. Kwa hivyo wakaweka kila kitu ndani ya namba zenyewe. Namba 20 zimebeba kiasi cha yuniti na saa zilipotengenezwa, zimefungwa kwa ufunguo ambao ni mita yako tu inao. Mita inafungua, inaangalia kama imeshawahi kuona tokeni hiyo, na kama ni mpya inaongeza yuniti. Ukiibonyeza mara mbili, inakataa ya pili. Daftari la mama mboga, lile lile! Na inaweza kubebwa na chochote: meseji, karatasi, mtoto ametumwa mbio. Unaweza kumsomea mtu kwa dirisha. Breka, daftari, kujisimamia, yote yalikuwa ndani ya kisanduku cha plastiki miaka mingi kabla mtu yeyote atamke maikroservisi.

Hata hivyo, mita nayo ilikuwa na deni lake la siri. Ile saa ndani ya tokeni inahesabiwa kwa dakika kutoka 1 Januari 1993, na nafasi iliyowekwa ilitosha dakika 16,777,216. Piga hesabu, inafika 24 Novemba 2024. Baada ya siku hiyo, mita ambayo haijasasishwa ingekataa kila tokeni mpya. Ndiyo maana mwaka ule ulipata meseji yenye namba seti tatu: mbili za kwanza za kuisasisha mita, ya tatu ndiyo stima yenyewe. Huo pia ni utegemezi, wa aina ambayo haionekani. Mita na kiwanda cha tokeni hawaongei kamwe, lakini walikubaliana lugha miaka 30 iliyopita, na mmoja hawezi kubadilisha lugha peke yake. Mamilioni ya mita, na kila moja ilibidi mtu asimame mbele yake abonyeze. Kinyozi, nyanya, askari wa ploti. Wahandisi wa Netflix wanaweza kubadilisha toleo la programu wakinywa kahawa. Sisi tulifanya kwa kidole.

Na hapa ndipo nilikuwa nataka kufika tangu mwanzo. Tarehe 27 Julai 2023 si kila nyumba iliyoumizwa. Aliyekuwa amenunua stima ya elfu mbili mwanzo wa mwezi hakujua hata kuna kitu kimetokea, aliona kwa Twitter. Mita yake ilikuwa na akiba. Aliyeumia ni yule wa soo. Yule ananunua leo ya leo, kwa sababu pesa nayo inakuja leo ya leo: mwenye kibanda cha chipo, mwenye saluni ya dryer moja, mwanafunzi wa bedsita. Uchumi wetu wa kadogo unamaanisha huyo mtu anapita ile milango yote kila siku, pengine mara mbili, wakati tajiri anaipita mara moja kwa mwezi. Mlango ukifungwa nusu siku, hesabu mwenyewe ni nani atapatikana nje.

Wasanifu wa mifumo hawaliongei hili. Septemba 2025 Safaricom walihamisha M-Pesa kwa mfumo mpya walioita Fintech 2.0, na tukaambiwa sasa inabeba miamala 6,000 kwa sekunde. Hongera, na sina kejeli hapo, ni kazi ngumu. Lakini mwenye saluni hajali sekunde. Anajali nini kinatokea kwake ile siku jibu halirudi.

Huko Uingereza mita nyingi za kulipia kabla ziko na mkopo wa dharura ndani ya mita yenyewe. Yuniti zikiisha, unabonyeza, unapata kidogo, na unakatwa ukinunua tena. Nyingi pia hazikati stima usiku hata kama hesabu imeisha. Sisi tuliwahi kuwa na Okoa Stima, mkopo wa tokeni, lakini ulikuwa unaombwa kwa simu, ukipita bomba lile lile. Mkopo unaopita mlango uliofungwa haukusaidii siku mlango umefungwa. Ukikaa ndani ya mita, unasaidia. Yuniti mbili tu. Taa, simu, na redio hadi asubuhi. Pesa ya Kenya Power haipotei, inangoja kwa foleni kama venye malipo mengine hungoja.

Watu walikuwa mbele ya mita zao zote 2024 wakibonyeza namba za kusasisha. Nafasi kama hiyo ya kuongeza kitu kipya kwa kila nyumba haiji mara nyingi. Hesabu mpya imeanzia 2014, na dakika ni zile zile, kwa hivyo itajaa 24 Novemba 2045. Nitakuwa na arobaini na kitu, na kama bado niko Shieywe nitakuwa nimeandika hii posti mara nyingine tano. Wewe wa Kenya Power ukisoma hii, usingoje hadi huko. Na wewe mwenye apu, nenda sasa hivi ukazime huduma moja unayoitegemea, mchana, ukiwa umekaa hapo, uone skrini ya mteja inasema nini.